Neno Lililotoka Gongoni

Bi Somoe alikuwa anageuza mahamri karaini, uani kwake mtaa wa Shela, Malindi, mlango ulipobishwa hodi. Mbaazi za nazi zilikuwa zimeshaiva, chai imetiwa hiliki, na mumewe, Ustadh Kiponda, alikuwa sebuleni na kalamu yake nyekundu, anafuta maneno. Mwaka ulikuwa 1986, na kufuta maneno ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mshahara.

"Karibu," akaitikia Bi Somoe. "Sukuma tu, mlango haujafungwa."

Aliyeingia alikuwa neno. Halikumfika gotini kwa kimo. Lilikuwa limejitwisha tita la mboga za majani, na limevaa koti zito la baridi, kama wavaavyo watu wa bara wanaposhuka Malindi mara ya kwanza hawajapata habari za jua letu. Likavua viatu kizingitini, likasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoka wapi, mwanangu?"

"Mimi ni Sukuma Wiki," likasema. "Jana Ustadh amenipiga mstari. Ameandika kwamba sina kwetu. Basi nikasema, kama sina kwetu, nikalale kwake."

Bi Somoe akaona hoja hiyo haina kasoro. Akalipa maji ya kunywa, akaliwekea mahamri mawili na bakuli la mbaazi, kisha akamwita mumewe kwamba ana mgeni.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana watu wasiomjua Ustadh Kiponda humdhulumu. Hakuwa mtu mbaya. Halmashauri ya Kamusi ya huko Nairobi ilikuwa imemkabidhi maneno yote ya pwani ya kaskazini, kutoka Mtwapa mpaka Marereni, ayasafishe kabla kamusi mpya haijapigwa chapa. Kila wiki lilikuja kasha la kadi, kila kadi neno moja na maana yake, yameokotwa na walimu na makarani huko waliko. Lililomridhisha alilitia alama. Lisilomridhisha alilipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni, kwa hati nzuri ajabu, "Halina kwao." Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa kitamu hivi kwamba akikutukana waweza kusema ahsante na kwenda zako, ukafika nyumbani ndipo ukaanza kukasirika.

"Kamusi si dalali wa mnadani, kupokea kila kinacholetwa," alikuwa akisema. "Kamusi ni mlezi. Kazi yake ni kuwaambia watu waseme nini."

"Na wewe ulifunzwa kusema na kamusi?" Bi Somoe alimuuliza asubuhi ile, mgeni akiwa anakula.

"Nilifunzwa na mama."

"Na mama alifunzwa na nani?"

"Somoe, mbaazi zinaungua."

Mbaazi hazikuwa zinaungua.

Sasa, kuna jambo moja ambalo hata Ustadh Kiponda na usafi wake wote hakuweza kulifuta. Mgeni akiingia nyumbani kwa mtu, haulizwi ataondoka lini. Anapewa maji, anapewa chakula, anapewa pa kulala. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi Sukuma Wiki likala siku mbili, na loo, lilikula! Lilimaliza mbaazi, likamaliza unga wa mahamri, likaanza kuulizia wali. Siku ya tatu ilipofika, Bi Somoe akasimama mlangoni pa sebule, mikono kiunoni.

"Lipe jembe," akasema.

"Neno litalima nini?"

"Jembe la neno ni mdomo. Litumie."

Ustadh akachukua mwavuli wake akaenda sokoni. Kwa miaka alikuwa amenunua mboga ile kwa kuinyooshea mwavuli na kusema, "Nipe yale majani mapana, yale ya bara," na mara nyingi alirudi na kabeji. Siku hiyo alisimama mbele ya mwuzaji, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi, "Nipe sukuma wiki." Mwuzaji akamfungia, wala hakuinua uso. Ustadh aliporudi nyumbani alikuta mgeni wake amefagia ua, ametulia kivulini, na chakula cha mchana amekula nusu hamri tu. Hivyo ndivyo ilivyojulikana pale nyumbani kwamba neno lililopewa kazi hula kidogo, na neno lililokaa bure hula kama nzige.

Baada ya hapo yalikuja mengine. Githeri lilifika na sufuria yake ya mahindi na maharagwe, likaomba jiko. Mitumba lilifika limevaa suti iliyoshonwa jina la mzungu ndani ya ukosi. Jua Kali halikuomba kitu, lilikwenda moja kwa moja banda la kuku likaanza kugonga mabati, na likagonga kutwa. Jirani wa upande wa kibla alikuja kulalamika. Alilalamika juu ya kelele peke yake, akasema kuku hawatagi, akanywa kahawa akaondoka.

Jioni moja, kwenye chakula, Ustadh alichoka. Akaweka kijiko chini akasema kila kitu kina mahali pake, na kwamba nyumba ile tangu babu zake ilikuwa nyumba ya maneno ya Kiswahili.

Kisha chini ya meza kukasikika mtu anajikokota, na neno Meza likatoka. Lilikuwa zee, lina kipara na ndevu nyekundu, na hakuna aliyekuwa ameliona kwa muda mrefu kwa sababu lilikuwa halina haja ya kuonekana.

"Mimi nilishuka na Wareno," likasema. "Babu zako walinilaza banda la kuku kwa vizazi. Leso hapo ni shahidi wangu."

Leso kiunoni mwa Bi Somoe ikakohoa.

"Wewe ulikuja kwa adabu," akasema Ustadh.

"Mimi?" likasema Meza. "Mimi nilikuja na mizinga."

Likarudi chini. Ustadh akaendelea kula, lakini alikula polepole.

Kimunyu lilifika Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Hili halikujitwisha kitu. Lilijifunga shuka lililokauka chumvi hata likawa linasimama lenyewe, na miguu yake ilikuwa imepasuka baina ya vidole, nyama nyekundu inaonekana. Halikuvuka kizingiti. Liliomba kipande cha gunia la kukanyagia, lisije likachafua mkeka wa watu.

Bi Somoe alikuwa anakuna nazi. Akaacha.

"Masikini wa Mungu! Nani wewe?"

"Kimunyu, wa Gongoni."

"Na kazi yako?"

"Mimi ni ugonjwa," likasema. "Wa miguu. Wa watu wa chumvi."

Ustadh aliposikia alikumbuka kadi yake, maana ilikuwa imemfika na madoa meupe. Mgiriama huita chumvi munyu, na Mkamba huita vivyo hivyo, na walipokutana kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, wamesimama majini bega kwa bega na reki mikononi, hawakuhitaji mkalimani. Jina la kile kilichowapata walilizaa pamoja. Kadi ilisema: "Kimunyu: kidonda cha mguu kiletwacho na kusimama ndani ya maji ya chumvi, nacho hakiponi mpaka mtu atoke majini." Ustadh alikuwa amelipiga mstari na kuandika pembeni, "Kidonda latosha."

Kesho yake alikuja mwanamke. Miguu yake ilikuwa imeviringishwa vipande vya kanga, na alitembea kama mtu anayekanyaga makaa. Jina lake lilikuwa Nduku. Kwao ni upande wa Machakos, lakini alikuwa amekokota chumvi Gongoni tangu binti yake yuko mgongoni, na sasa binti huyo alikuwa anasoma. Nduku alikuwa amefikia kwa dada yake, mtaa wa Kisumu Ndogo, papo hapo Malindi.

"Shikamoo, mama," akamwambia Bi Somoe. "Nimefuata neno langu. Limepita hapa?"

"Marahaba. Liko uani linakula. Pita ndani, mwanangu, keti, miguu hiyo si ya kusimamia."

Neno lilipomwona Nduku likaacha sahani, likaja likakaa miguuni pake. Akalipapasa kichwa bila kulitazama, kama unavyompapasa paka wa nyumbani. Kisha akamgeukia Ustadh.

"Sikuja kugombana, mzee. Kule kwetu kampuni iko na sheria. Ukiandika una kidonda, wanakufunga kitambaa na unarudi majini saa hiyo hiyo, maana kidonda ni uzembe wako, umejikata. Lakini ugonjwa wa kazi ni kitu ingine. Ugonjwa wa kazi wanakutoa majini, unakaa nchi kavu mpaka upone, na mshahara unaendelea. Sasa mimi niliandika kimunyu. Karani, Fondo, akaniambia kampuni haiwezi kulipia ugonjwa ambao hauko kwa kamusi. Akaniambia kamusi mpya inatengenezwa Malindi, na wewe ndiye unaitengeneza."

Ustadh aliumwa na ile "kitu ingine" na ile "kwa kamusi", lakini alijikaza.

"Daktari amesemaje?" akauliza.

"Amesema nikirudi majini huu mguu wa kushoto utakatwa. Dzombo alikatwa wake mwaka jana. Tulikuwa tunakokota pamoja."

Bi Somoe alikuwa ameshaleta beseni la maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini. Akapiga magoti, akafungua vile vipande vya kanga kimoja kimoja. Kimunyu lilishika beseni lisiyumbe. Ustadh alitazama ile miguu, na moyo ukamuuma, nao ulimuuma kweli. Hakuwa amejua kwamba mguu wa mtu waweza kufika vile ukaendelea kutembea.

"Lakini hili neno, mama," akasema taratibu, "si la Kiswahili."

"Si la Kiswahili vipi, mzee, na sisi tunalisema tukiongea Kiswahili? Huyo Mgiriama mwenzangu nitamwambia nini, nimwambie kwa Kikamba?"

"Kosa likisemwa na wengi haligeuki kuwa sawa."

"Haya. Na uchungu, mzee? Uchungu nao ni kosa?"

Ustadh akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Nitalifikiria," akasema.

Sisi watu wa Malindi twajua kwamba "nitalifikiria" ni "hapana" iliyovaa kofia. Nduku hakuwa wa Malindi. Alishukuru, akanywa chai, akarudi Kisumu Ndogo kungoja.

Siku ya tatu Ustadh hakungoja kuambiwa. Alikwenda barazani kwa wenziwe wa kila jioni akachelewa kusudi, ili waulize. Wakauliza.

"Nyumbani tulikuwa na mgonjwa," akasema. "Mgonjwa wa kimunyu."

Wakasema pole. Mmoja akasema bawabu wake anacho, kimempanda mpaka kifundoni. Mwingine akasema shemeji yake alikileta kutoka Marereni, wakampaka mafuta ya nazi bila ya faida. Hakuna aliyeuliza kimunyu ni nini. Ustadh alirudi nyumbani amekunja uso. Neno ambalo yeye, mjuzi wa maneno, alilisikia juzi, mji mzima ulikuwa ukilisema kwa muda gani, na walikuwa wakilisema akiwa wapi?

Tangu hapo alilipa kazi, tena kazi nyingi. Likawa linamjia ulimini lenyewe. Mtu akilalamika juu ya jambo lisilokwisha, Ustadh alisema, "Kimunyu hakiponi majini," na wenziwe wa baraza wakatikisa vichwa wakidhani ni methali ya wazee, nao wakaanza kuisema, na kabla ya Ramadhani ilisikika mpaka Mambrui. Neno likanenepa. Likahamishwa kutoka uani likapewa chumba cha wageni, kitanda cha marehemu mamake Ustadh, na chandarua. Likashonewa kofia.

"Sasa liandike," akasema Bi Somoe.

"Nyumbani ni nyumbani, na kitabu ni kitabu."

"Linakula sahani yako. Linalala kitanda cha mamako. Juzi umelitumia kwa hotuba ya harusi, watu wakalia. Na kitabuni haliingii?"

"Somoe, kitabu kinasomwa na watu."

"Na sisi ni nani? Mbuzi?"

Jawabu Ustadh alikuwa nalo, lakini halikuwa jawabu la kumwambia mke. Katika Halmashauri mlikuwa na mjuzi mmoja kutoka visiwani, mtu wa miwani minene na kicheko chembamba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anangoja Kiponda ateleze. Ustadh aliogopa kuchekwa. Ndiyo yote, hapana kubwa zaidi ya hilo. Watu hupenda kudhani mambo makubwa huzuiwa na sababu kubwa.

Siku ya kwenda Nairobi, Kimunyu lilimbebea mkoba mpaka stendi ya basi. Halikumwomba kitu. Lilimwambia tu asikae upande wa jua.

Katika kikao walisoma maneno herufi baada ya herufi, chai ikija na kuondoka. Walipofika K, mwenyekiti aliinua kalamu. "Tumeshapitisha kimulimuli," akasema. "Kuna jingine la kutia hapo, au twende kwenye kimya?"

Ustadh alitia mkono mfuko wa kanzu. Kadi ilikuwamo, aliichukua mwenyewe asubuhi ya safari, na hakuwa ameieleza nafsi yake kwa nini. Ilikuwa imelowa, na vidole vyake vikatoka vina chumvi. Upande wa pili wa meza, yule mjuzi wa visiwani akasukuma miwani yake juu na kumtazama.

"Hakuna," akasema Ustadh. "Twende."

Kamusi ilitoka ikiwa nzuri, jalada la kijani, harufu ya gundi mpya. Malindi walisoma jina la Ustadh Kiponda ukurasa wa mbele, wakampongeza, nao Githeri na Mitumba wakaenda sokoni kununua nazi za karamu. Kampuni ya Gongoni nayo ilinunua nakala yake, maana ni kampuni inayofuata sheria.

Nduku alikwenda afisini siku hiyo hiyo aliyosikia kwamba kitabu kimefika. Alikuta watu wengine wa mabwawani wameketi chini ya dirisha, wamenyoosha miguu, wanangoja yeye aingie kwanza. Fondo, karani, alikuwa mzaliwa wa papo hapo Gongoni. Mamake alikokota chumvi mpaka akawa anatambaa kwa magoti, na Fondo alikulia ndani ya ile harufu ya mafuta ya nazi na mguu unaooza. Akatoa kamusi katika mtoto wa meza, akaipangusa vumbi isilokuwa nalo, akafungua, akashuka kwa kidole.

"Kimulimuli," akasoma. Kidole kikashuka. "Kimya." Akarudi juu akashuka tena, polepole zaidi. "Hakimo, Nduku."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Pole sana, dada yangu. Hakimo. Kwa hivyo kesho urudi kazini." Akafunga kitabu, akashusha sauti. "Lakini nakuomba, uangalie sana huo mguu wa kushoto. Kimunyu kisipande juu ya kifundo. Kikishapanda hapo hakuna dawa."

"Umesema nini, Fondo?"

"Nimesema kimunyu kisipande."

"Hicho ambacho hakiko?"

"Hicho hicho," akasema Fondo, na machozi yakamlengalenga. Kisha akaangalia saa, akamwita mwingine.

Habari zilifika Shela kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Kimunyu lilizisikia likiwa limeketi kitandani, likaondoa chandarua, likakikunja vizuri. Likaenda uani likamwambia Bi Somoe, "Mama, nimekula vya kutosha. Nataka jembe la kweli."

Bi Somoe alilia, tena hakujificha. Alilifungia mahamri katika gazeti, akalipa kikoi cha mumewe, kile kizuri, bila ya kumuuliza mwenyewe. Ustadh alikuwa jikoni, jambo ambalo halikupata kuonekana tangu waoane. Alikuwa anachemsha mafuta ya nazi na majani ya mwarobaini. Akayachuja, akayatia katika chupa, akakata kijikaratasi, na kwa ile hati yake nzuri ajabu, kwa wino mweusi, akaandika: "Dawa ya kimunyu. Apakwe Nduku asubuhi na jioni." Akakibandika.

Bi Somoe alikisoma mara mbili.

"Kumbe kuandika unaweza," akasema.

"Chupa si kitabu," akasema Ustadh, na hakumtazama usoni.

Neno lilipanda basi la Garsen likashuka Gongoni. Langoni pa kampuni palikuwa na watu wanatafuta kibarua, likajipanga nyuma yao. Zamu yake ilipofika, Fondo hakuinua kichwa.

"Jina?"

"Kimunyu."

"La baba?"

"Munyu."

Fondo aliandika yote mawili. Hakufungua kamusi, kwa sababu kibarua haulizwi kama yumo kamusini. Akalipa reki iliyolizidi urefu, akalielekeza kwenye bwawa alilokuwako Nduku.

Nduku alipoliona halikumshangaza. Alisema tu, "Umechelewa," akapokea chupa, akasoma kijikaratasi, akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. Mafuta alijipaka. Yalituliza usiku, na asubuhi maji ya chumvi yaliyaosha. Neno lilikuwa likijitahidi kukokota upande wa kina ili yeye abaki ukingoni, penye ukavu kidogo, lakini mnyapara aliwaona, akamrudisha Nduku katikati. Alisema hapendi upendeleo.

Siku zikaenda. Malindi kule, Ustadh Kiponda alianza kupiga mistari kadi za chapa ya pili, na jioni barazani alikuwa bado akisema kwamba kimunyu hakiponi majini, na wenziwe wakitikisa vichwa. Chumba cha wageni kilipewa neno jingine lililofika kutoka Kilifi na watoto.

Baada ya mvua za vuli, Kimunyu likaanza kuchechemea. Nduku, ambaye wakati huo alikuwa anatembelea fimbo mpaka ukingoni na kuiacha hapo kabla ya kuingia majini, aliliangalia miguu. Akauliza.

"Una nini wewe?"

Neno likatazama miguu yake lenyewe. Liliona haya, na hapakuwa na jina jingine la kutumia.

"Kimunyu," likasema.

Wakaenda afisini, huyu akimshikilia huyu. Fondo aliwakalisha wote wawili kwenye benchi, akasema pole, na alikuwa anasema kwa moyo. Akatoa kile kitabu cha kijani, akatazama tena, pengine safari hii kimo. Kisha akapiga magoti mbele ya lile neno, akaliosha miguu, akalifunga kitambaa safi kwa upole kama alivyokuwa akimfunga mamake. Akaandika "kidonda." Kengele ya saa nane ilipolia wote wawili walikuwa wamesharudi majini.